Ruzuku Inayofika Msimu Ukiwa Umepita: Jimbo la Illinois na Fedha za Kuzuia Risasi

Mwaka wa fedha wa jimbo la Illinois huanza tarehe 1 Julai, kama ulivyo wa Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa idara ya barabara tarehe hiyo haina neno. Kwa watu wanaojaribu kuzuia vijana wa Chicago wasipigane risasi, ni tarehe mbaya kuliko zote. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto, watu hukaa nje mpaka usiku wa manane, na kila anayeishi mji ule anajua kwamba ndiyo miezi risasi zinapolia zaidi. Mkataba wa ruzuku wa zamani unakufa tarehe 30 Juni, mpya bado uko mezani kwa ofisa fulani ukisubiri saini, na shirika la mtaani linaambiwa livute subira hadi Septemba.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu mara nyingi husimuliwa kama kisa cha wizi, au cha mradi uliofaulu ukanyongwa na wanasiasa. Nionavyo mimi, wizi si kiini chake. Kwa miaka kumi na mitano hivi, jimbo moja lilitoa fedha, likazikata, likazimwaga kwa pupa, likazikata tena, na karibu kila mara mkono ulioamua ulikuwa ukitazama kalenda ya siasa. Kalenda ya mitaa ilikuwa nyingine kabisa.

Mbinu iliyopitia Somalia na Uganda

Mradi wenyewe, CeaseFire wa Chicago, una damu ya huku kwetu. Gary Slutkin ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza. Miaka ya 1980 alifanya kazi Somalia, kwenye kambi za wakimbizi, akipambana na kifua kikuu na baadaye kipindupindu. Halafu akajiunga na Shirika la Afya Duniani wakati wa UKIMWI, na Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi alizozishughulikia. Kazi hiyo ilimpa somo ambalo wahudumu wa afya wa vijijini wanalijua bila kwenda chuo: ujumbe wa daktari mgeni husikilizwa kwa heshima na kusahauliwa jioni hiyohiyo, lakini mkimbizi akimweleza mkimbizi mwenzake, au kahaba akimweleza kahaba mwenzake, neno linaingia.

Aliporudi Chicago mwaka 1995 alikuta watoto wa miaka kumi na kitu wakiuana. Akaziangalia ramani za mauaji, akaona alama zikijikusanya mtaa kwa mtaa kama zinavyojikusanya alama za mlipuko wa ugonjwa: tukio moja huzaa la pili, la pili huzaa la tatu. Akaanzisha mradi ndani ya shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Mwaka 2000 mradi huo, kwa jina la CeaseFire, uliingia West Garfield Park, mtaa uliokuwa miongoni mwa mibaya kabisa mjini. Kwa hesabu ya mradi wenyewe, matukio ya risasi yalishuka kwa asilimia 67 katika mwaka wa kwanza. Mwaka mmoja na mtaa mmoja ni vichache mno kujengea nadharia, ila vinatosha kumfanya mbunge atake na yeye apelekewe huo mradi kwake.

Kazi ikoje? Tuseme kijana amepigwa risasi Ijumaa jioni. Ndugu na marafiki wako hospitalini, na wawili kati yao wameshatoka kwenda kutafuta silaha. Mpatanishi wa mtaani, mtu ambaye pengine alifungwa miaka kumi na anajulikana pale kwa jina la utani, anapigiwa simu. Anakwenda. Hahubiri. Anakaa na yule mwenye hasira zaidi, anamtoa pembeni, anamnunulia chakula, anamzungusha na gari, anamkumbusha mama yake. Lengo lake ni dogo sana: usiku huu upite. Wapatanishi wa namna hiyo waliongezwa rasmi mwaka 2004. Pembeni yao kuna wahudumu wengine wanaomshika kijana mmoja kwa miezi, kumtafutia kitambulisho, kazi, tiba ya ulevi, mtu wa kusimama naye mahakamani.

Na kuna sharti moja lisilojadiliwa: mpatanishi hapeleki habari polisi. Siku atakayoshukiwa kufanya hivyo, kazi yake imekwisha, na huenda maisha yake pia.

Sasa jaribu kuiandikia kazi hii taarifa ya robo mwaka. Mafanikio yake ni jambo ambalo halikutokea. Mashahidi wake ni watu wasiotaka kuandikwa majina. Wafanyakazi wake, kwa makusudi kabisa, ni watu wenye rekodi ya jela. Risiti yake ni kuku wa kukaanga saa saba usiku. Mhasibu yeyote wa serikali, hata mwenye nia njema, atakuna kichwa.

Nani alichagua mitaa

Fedha za jimbo zilipitia chuo kikuu, na chuo kikakabidhi sehemu yake kwa mashirika ya mitaani: kanisa hapa, chama cha wakazi pale. Mpangilio huo una akili yake, kwa kuwa chuo kina wahasibu na mtaa una wanaojulikana. Tatizo lilikuwa juu zaidi. Timu ya watafiti ya Wesley Skogan wa Chuo Kikuu cha Northwestern, iliyofanya tathmini kubwa ya mradi huu kwa fedha za Wizara ya Sheria ya Marekani, ilieleza bila kuficha kwamba uchaguzi wa maeneo haukufuata ramani ya risasi peke yake. Wabunge wa jimbo waliopigania fungu hilo walitaka tawi liwe katika majimbo yao ya uchaguzi.

Ni rahisi kuwalaumu. Lakini bila wabunge hao fungu lisingekuwepo kabisa, kwa sababu hakuna idara iliyokuwa imelizaa na kulilea kama lake. Ndiyo hali ya ruzuku iliyozaliwa kwa hisani: aliyeiingiza kwenye bajeti anadai shukrani, na asiyedaiwa shukrani haoni hasara kuifuta.

Agosti 2007 ilifutwa. Gavana Rod Blagojevich alikuwa kwenye ugomvi mrefu na bunge la jimbo kuhusu bajeti, akachukua kalamu akakata mamia ya mamilioni ya dola kutoka kwenye kile bunge lilichopitisha. Ndani yake zilikuwamo dola milioni 6 na kidogo za CeaseFire. Mwezi huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo alitoa ripoti yake juu ya mradi, ikionyesha udhaifu katika usimamizi wa fedha na wa washirika wa mitaani. Matawi mengi yakafungwa. Wapatanishi waliokuwa wamejenga uaminifu kwa miaka mitatu wakaambiwa warudi nyumbani, katikati ya Agosti.

Tathmini ya Skogan ilitoka mwaka uliofuata, 2008. Ilichunguza maeneo 7. Katika 4 kati ya hayo, kupungua kwa risasi kulizidi kule kulikoonekana katika mitaa ya kulinganisha, na watafiti waliona sababu ya kuhusisha upungufu huo na mradi. Maeneo mengine hayakuonyesha tofauti iliyo wazi. Si muujiza huo. Ni matokeo ya heshima, yenye kasoro, ya aina ambayo mtu mwenye busara angesema: endeleeni, tuone kwa nini pale hapakufaa. Yalifika wakati wa kuyasoma ukiwa umepita.

Milioni 54.5 kabla ya kura

Kama 2007 ni kisa cha mkono uliokata, 2010 ni kisa cha mkono uliomwaga, na huu wa pili umewaumiza watu wa mitaani kwa muda mrefu zaidi.

Blagojevich alikuwa ameondolewa madarakani mwaka 2009, naibu wake Pat Quinn akachukua kiti. Oktoba 2010, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 2 Novemba, Quinn alitangaza mpango mpya wa kupambana na ukatili mitaani, ambao thamani yake ilifikia dola milioni 54.5. Mpango huu haukuwa CeaseFire. Uliwekwa chini ya mamlaka nyingine ndogo ya jimbo ambayo haikuwahi kubeba fedha za ukubwa huo. Quinn alishinda kwa kura kama 32,000 kati ya zaidi ya milioni 3.

Mkaguzi Mkuu aliporipoti Februari 2014, karibu kila ukurasa ulikuwa na jambo. Mashirika kiongozi hayakupatikana kwa ushindani wa wazi, yalipendekezwa na madiwani. Hapakuwa na kumbukumbu za vigezo vilivyotumika kuchagua mitaa, na mitaa 7 kati ya 20 yenye ukatili mkubwa zaidi Chicago haikuwamo kwenye mpango. Katika sampuli ya matumizi waliyoipitia, wakaguzi walitilia shaka asilimia 40 hivi. Vijana walilipwa kwa saa kugawa vipeperushi na kuandamana kwenye gwaride. Uchunguzi ukafuata, wa bunge na wa waendesha mashtaka wa shirikisho. Quinn mwenyewe hakuwahi kushtakiwa, ila kashfa ilimfuata hadi alipoanguka kwenye uchaguzi wa Novemba 2014.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu wengi hutoka na funzo lisilo sahihi. Husema: mnaona, fedha zikienda kwa watu wa mtaani huliwa. Isome tena orodha. Makosa makubwa yote yalifanyika kabla dola moja haijafika mtaani. Nani apewe, mtaa upi, kwa haraka gani, kwa usimamizi wa ofisi ipi: hayo yaliamuliwa ofisini, na watu wenye suti. Mama wa kanisa aliyepokea laki moja ya dola na kuambiwa aajiri vijana 40 ndani ya wiki chache hakuandika ratiba ile.

Lakini bili ilimfikia yeye. Mwaka huohuo wa 2014 Illinois ilipitisha sheria ya uwajibikaji wa ruzuku, ngumu kuliko ilivyowahi kuwa nayo. Sheria nzuri kwa maandishi: usajili wa awali, tathmini ya hatari ya shirika, bajeti kwa kila kipengele, taarifa za mara kwa mara. Shirika lenye idara ya fedha halikutetereka. Shirika la watu watano, ambalo mhasibu wake ni binti wa mchungaji anayefanya kazi hiyo Jumamosi, lilibaki na njia mbili: liache kuomba, au liingie chini ya shirika kubwa na kupokea kinachobaki. Adhabu ya uzembe wa ikulu ya gavana ilitozwa kwa wadogo kama saa za makaratasi.

Na ruzuku nyingi za namna hii hulipwa kwa kurejesha: tumia kwanza, lete risiti, subiri. Subiri kwa nani? Kwa jimbo ambalo malimbikizo ya bili zake yalipita dola bilioni 16 mwishoni mwa 2017. Mpatanishi analipwa kila wiki mbili na kodi ya nyumba yake haijui kurejeshewa. Mtu aliyeacha biashara ya mtaani ili afanye kazi hii, ukimcheleweshea mshahara miezi mitatu, umemrudishia jaribu lilelile ulilomlipa aliache.

Mji nao ulijaribu

Kwa kifupi: mwaka 2012, mauaji yalipopanda, jiji la Chicago chini ya meya Rahm Emanuel liliipa CeaseFire dola milioni 1 kwa mwaka mmoja, katika wilaya mbili za polisi. Mkuu wa polisi hakuficha kutoridhika kwake kwamba wapatanishi hawakutoa habari kwa askari. Mkataba haukuongezwa. Jiji lilikuwa limenunua huduma ambayo thamani yake yote iko katika kutotoa habari, kisha likalalamika kwamba habari hazitolewi. Hilo lilipaswa kuzungumzwa kabla ya saini.

Miaka miwili bila bajeti

Bruce Rauner, mfanyabiashara aliyemshinda Quinn, aliapishwa Januari 2015. Miezi michache baadaye fedha za CeaseFire zilizokuwa zimebaki kwenye mwaka ule wa fedha zilisimamishwa. Tarehe 1 Julai 2015 ikafika bila bajeti mpya, gavana na bunge wakivutana. Mvutano ulidumu miaka miwili kamili. Bajeti ilipatikana Julai 2017, bunge lilipoipitisha kwa nguvu juu ya kura ya turufu ya gavana. Kwa mashirika mengi ya kijamii, si haya ya risasi peke yake, miaka hiyo miwili ilikuwa ya kupunguza watu, kukopa, au kufunga mlango.

Mwaka 2016 watu 762 waliuawa Chicago kwa hesabu ya polisi, kutoka chini ya 500 mwaka uliotangulia. Watetezi wa mradi huyaweka mambo haya mawili, fedha zilizokatwa na mauaji yaliyopanda, pamoja na kuacha msomaji ahitimishe. Mimi sitaki kwenda kasi hivyo. Novemba 2015 ilitolewa video ya askari akimpiga risasi Laquan McDonald, kijana wa miaka 17, na imani kwa polisi ikaporomoka. Kuanzia Januari 2016 polisi walipunguza sana kuwasimamisha watu barabarani. Mambo haya yote yaliingia ndani ya miezi michache, na hakuna anayeweza kuyatenganisha kwa usafi. Ninachoweza kusema bila shaka ni hiki: mwaka ambao mji ulihitaji wapatanishi kuliko wakati wowote kwa miongo miwili, wengi wao walikuwa wameshalipwa mara ya mwisho.

Pengo likazibwa na matajiri. Wakfu za hisani na watu binafsi walianza kugharamia mitandao mipya ya wahudumu wa mitaani, pamoja na mradi wa READI, uliowapa wanaume waliokuwa hatarini zaidi kazi ya kulipwa na mafunzo ya kudhibiti fikra na hasira kwa miezi 18. READI ulipimwa kwa kura ya nasibu, wanaume 2,456. Kipimo kikuu, kilichojumlisha aina mbalimbali za ukatili mkubwa, hakikuonyesha tofauti ya uhakika kitakwimu. Ila kukamatwa kwa makosa ya risasi na mauaji kulikuwa chini kwa asilimia 65, na kati ya wale walioletwa na wahudumu wa mitaani, tofauti na waliochaguliwa na kompyuta, kulikuwa chini kwa asilimia 79. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayonivutia. Kompyuta inajua nani amekamatwa mara ngapi. Mhudumu anajua nani amekamatwa mara nyingi na sasa amechoka, yuko tayari. Ujuzi huo ndio hasa serikali inaununua inapotoa ruzuku kwa watu wa mtaani, na ndio unaopotea wa kwanza mkataba ukikatika, kwa kuwa haukai kwenye faili.

Sheria ya 2021, na barua ya Aprili 2025

Illinois ilijifunza, tena kwa undani. Sheria yake ya 2021 iliunda ofisi maalumu ya kuzuia ukatili wa bunduki na kuelekeza fedha kwenye maeneo 22 ya Chicago yaliyochaguliwa kwa takwimu za waliopigwa risasi. Hakuna diwani aliyeketi kuchagua. Dhambi ya 2010 ilijibiwa kwa kifungu cha sheria. Dhambi ya ratiba haikujibiwa: mwaka mmoja baada ya ahadi ya mamia ya mamilioni, sehemu kubwa ilikuwa bado haijafika kwa mashirika, makaratasi yakizunguka. Isitoshe, fedha nyingi zilitoka kwenye mfuko wa shirikisho wa kujikwamua na janga la UVIKO, ambao sheria yake inataka ziwe zimetumika kufikia mwisho wa 2026.

Serikali ya shirikisho nayo iliingia. Sheria ya Juni 2022 ilitenga dola milioni 250 kwa miaka mitano kwa kazi za aina hii nchi nzima, na Wizara ya Sheria ikaanza kutoa ruzuku moja kwa moja kwa mashirika na miji. Ruzuku za miaka mitatu! Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kumwambia mpatanishi mpya kwamba kazi ipo mpaka mwaka kesho kutwa. Tarehe 22 Aprili 2025 wizara hiyohiyo, chini ya utawala mpya, ilituma barua za kusitisha ruzuku zaidi ya 360 za aina mbalimbali, zenye thamani ya awali ya mamia ya mamilioni ya dola. Miradi ya kuzuia ukatili mitaani iliguswa vibaya. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hazilingani tena na vipaumbele vya wizara. Hakukuwa na madai kwamba fulani ameiba, wala kwamba fulani ameshindwa. Usitishaji ulianza siku ileile ya barua, wiki chache kabla ya joto.

Kama ningepewa kurekebisha kifungu kimoja tu katika mikataba hii, nisingegusa cha ukaguzi. Kiachwe kikali kilivyo, na serikali ilipie mhasibu wa kukitimiza. Ningegusa kifungu cha kusitisha. Serikali ibaki na haki yake ya kubadili vipaumbele, hiyo ni kazi ya uchaguzi. Lakini itoe notisi ya miezi sita yenye mshahara, isiyoanza kuhesabiwa kati ya Mei na Septemba, na ilipe robo ya kwanza ya kila mwaka mapema badala ya kuirejesha. Wabunge watauliza itagharimu kiasi gani. Kwa tawi la watu kumi, ni mishahara ya watu kumi kwa nusu mwaka, na hiyo ni hesabu ya kufanywa siku ya kusaini.